Udongo Ulioloa Mafuta: Hewa Kwanza, Mbegu Baadaye

Ndugu wasikilizaji, mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu mafuta ghafi yaliyomwagika Ogoniland, kwenye delta ya mto Niger, Nigeria. Katika sehemu 49 wapimaji walikuta mafuta yamezama mita 5 au zaidi. Sehemu 15 zilizokwisha kutangazwa kuwa safi zilipopimwa upya, 10 zilikuwa bado chafu. Udongo ulikuwa ukipinduliwa juu juu na kutiwa mbolea, hali mafuta yenyewe yako chini, jembe lisikofika wala hewa.

Hewa ndiyo kiini cha kazi hii ya kusafisha udongo. Bakteria wanaokula mafuta, kama Pseudomonas na Rhodococcus, wamo tayari karibu katika kila udongo, kwa hiyo msiharakie kununua vijidudu vya chupa. Wanachokosa ni oksijeni, naitrojeni, fosforasi na unyevu.

Tuseme kiwanja ni mita 10 kwa 10, na mafuta yamefika sentimita 30. Huo ni udongo wa tani 45 hivi. Maabara ikikuta gramu 10 za mafuta kwa kilo ya udongo, kila tani ina takriban kilo 8.5 za kaboni. Uwiano uliozoeleka ni kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Ukipiga hesabu, kiwanja chote kinataka kilo 83 za urea, mbolea ya naitrojeni, na kilo 19 za TSP, mbolea ya fosforasi. Lakini msimwage zote siku moja! Urea ya mkupuo huzaa amonia na kuzidisha chumvi, na bakteria mliotaka kuwalisha ndio wanaodhurika. Igaweni mara tatu au nne, wiki kadhaa zikipita katikati.

Unyevu hauhitaji mashine. Finya udongo kiganjani: ukishikamana bila kuchuruzika, unatosha. Ukichuruzika, maji yamekwisha kuifukuza hewa. Pindueni kila wiki moja au mbili. Udongo wa mfinyanzi changanyeni na pumba za mpunga. Maranda nayo yanafaa, ila hunyang'anya naitrojeni, basi urea iongezwe kidogo.

Mafuta yakiwa yamezama zaidi, hakuna njia ya mkato: fukueni, tandikeni turubai la plastiki, mrundike udongo usiozidi mita 2 kwenda juu, na mpitishe ndani yake mabomba yenye matundu ya kuingiza hewa.

Mimea huja mwisho. Pandeni kwanza kunde chache za majaribio. Zikinyauka au zisipoota, sumu bado ni kali. Zikistawi, leteni nyasi za ukoka na vetiva. Mizizi yao hufungua njia za hewa na kutoa sukari inayowalisha bakteria. Mifugo isichungwe hapo. Sehemu nzito za mafuta, zile zinazofanana na lami, zitabaki miaka.

Na kabla ya mtu yeyote kutia saini kwamba kazi imekwisha, sampuli zichukuliwe kila nusu mita kwenda chini, hadi pale mafuta yanapokoma, na maji ya visima vya jirani yapimwe pia.