Kompyuta inakupokea, halafu inakutoa nje

FUNDI: Shikamoo mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, baba. Wasikilizaji karibuni, tuko Mwanga, Kigoma mjini. Leo nina la nyumbani kwangu. Kompyuta yangu ya mezani, ile ya Windows XP, ilinikesha, mpaka fundi huyu alipoitengeneza. Naandika nywila, inakubali, inasema inapakia mipangilio yangu. Picha ya ziwa niliyoiweka kwenye deskitopu inachomoza, sekunde moja hivi, kisha inasema inahifadhi mipangilio. Narudi palepale pa kuingilia. Mara kumi na moja, nilihesabu.

FUNDI: Na nywila hukuikosea.

MWALIMU: Ningeikosea ingeniambia.

FUNDI: Hapo ndipo watu wengi wanahangaika bure na nywila. Yenye makosa inakataliwa mlangoni. Wewe ulishaingizwa, ila mashine ikakosa wa kukupeleka ndani. Kuna faili dogo linaitwa userinit.exe, linakaa kwenye folda ya System32. Ukishakubaliwa, Windows inaliita hilo, nalo ndilo linaloamsha deskitopu yako na ikoni zote. Lisipokuwepo, unatolewa.

MWALIMU: Ukaniuliza nimechomeka nini karibuni.

FUNDI: Ndiyo, na ukakumbuka.

MWALIMU: Flashi ya mjukuu, katoka nayo steshenari. Antivirasi ikalia, nikabonyeza ifute, nikashukuru Mungu. Kesho yake asubuhi ndiyo yakawa hayo.

FUNDI: Kuna virusi vinavyojibandika kwenye faili hilo, au vinabadilisha rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, ili viitwe vyenyewe badala yake. Antivirasi inakiondoa kirusi, lakini njia ya zamani hairudi yenyewe.

MWALIMU: Sasa niseme lililoniuma. Fundi wa kwanza niliyempelekea, simtaji, hata dakika tano hakumaliza nayo. "Mama, hii tupige Windows upya." Vilivyomo je? "Vitaondoka." Jamani, humo kuna sauti ya bibi yangu akisimulia kwa Kiha. Nilimrekodi Ujiji mwaka 2009, na bibi hayupo tena.

FUNDI: Pole sana mwalimu. Na ndiyo sababu nimetaka tulizungumze leo. Kwa kosa hili hakuna haja ya kufuta kitu. Mafaili yako yalikuwa salama, mlango tu ndio uliokuwa na shida. Mtu akikwambia apige Windows, mwambie kwanza achomoe diski kuu, ile inayohifadhi mafaili yako, aiunganishe kwenye mashine nyingine kwa adapta ya USB, anakili vitu vyako. Ukiviona kwa macho, ndipo aendelee. Ndivyo nilivyofanya kwako kabla sijagusa chochote.

MWALIMU: Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha fundi huyu nikiangalia ule mstari wa kijani unavyosogea. Alipofungua rekodi ya kwanza nikamsikia bibi anakohoa, kama alivyokuwa anafanya kabla ya kuanza. Nikashindwa kusema.

FUNDI: Hata mimi niliiacha icheze mpaka mwisho.

MWALIMU: Haya, waeleze ulivyotengeneza.

FUNDI: Niliwasha, nikabonyeza F8, nikachagua Safe Mode, yaani kuwasha Windows na vitu vichache vya lazima tu. Ikanitoa vilevile. Hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu Safe Mode nayo inapitia userinit. Nikaweka CD ya XP, nikawasha kwa hiyo, nikabonyeza R, ikaja skrini nyeusi ya kuandikia amri. Nikaandika: expand d:\i386\userinit.ex_ c:\windows\system32. Herufi ya d ni ya CD, kwako inaweza kuwa nyingine. Kwa mwalimu hilo lilitosha. Lisipotosha, shida iko kwenye rejista, chini ya Winlogon. Palipoandikwa Userinit pasomeke C:\Windows\system32\userinit.exe, na alama ya mkato (,) mwishoni. Mkato huo ni sehemu ya maandishi, msiuache.

MWALIMU: Jirani yangu ana Windows 7. Yeye anaingia, ila anakuta deskitopu tupu, kama kompyuta ya dukani.

FUNDI: Ameingizwa kwenye akaunti ya muda. Asihifadhi kitu humo, nasisitiza, kwa sababu akitoka vyote vinafutwa. Azime, awashe tena, mara nyingine inarudi yenyewe. Ikigoma, aende kwa anayejua rejista, aangalie sehemu iitwayo ProfileList. Atakuta majina mawili marefu yanayofanana, moja lina .bak mwishoni. Lenye .bak ndilo lake la kweli. Lile jingine libadilishwe jina, hili liondolewe .bak.

MWALIMU: Na chanzo?

FUNDI: Umeme, mara nyingi. Unapotoka, Windows inaandika mipangilio yako kwenye faili linaloitwa NTUSER.DAT. Umeme ukikatika katikati, au mtu akachoka kusubiri akachomoa waya, faili linaweza kuharibika.

MWALIMU: Kusubiri kwenyewe! Yangu ilikuwa inahifadhi mipangilio mpaka chai inapoa.

FUNDI: Kwenye XP kuna programu zinazoishikilia rejista hazitaki kuiachia, kama za printa na antivirasi. Microsoft walitoa kiprogramu cha kuzilazimisha, UPHClean. Kuanzia Vista kazi hiyo inafanywa na Windows yenyewe. Na hiyo yako, mwalimu, isiunganishwe intaneti. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014.

MWALIMU: Haina intaneti tena, ni ya kuandikia na kusikilizia tu. Nimenunua na UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba. Umeme ukikatika inapiga kelele, nami nahifadhi, natoka, nazima kwa utaratibu. Sauti za bibi ziko kwenye flashi mbili, moja kabatini kwangu, nyingine nimempa binti yangu kaenda nayo Kasulu.