Umeolewa Ulaya, Umezoeaje? Leo Najibu, Msinitukane

Wapendwa, habari za leo. Niko Ilomba, Mbeya, kwa mama. Mkisikia kelele ni bajaji za hapo nje na kuku wa jirani, msiniandikie tena habari za sauti. Baridi ya huku mnaijua, ndiyo maana nimevaa sweta la baba. Na kabla hamjauliza: sijaachika, niko likizo. Mtu akionekana Mwanjelwa bila mume, kesho yake ameshaachika, mwee!

Swali ni lilelile kila siku. "Dada, nimepata mchumba, naolewa mbali, nitazoea kweli? Wewe ulizoeaje?" Nimelikwepa sana kwa sababu najua linakoishia. Nikisema maisha mazuri, naringa. Nikisema magumu, mnaniambia rudi basi, nani kakulazimisha, wenzako wanaililia hiyo nafasi. Kwa hiyo leo nasema ya kwangu tu, mimi niliyeolewa Ujerumani. Mwenzangu aliyeolewa Ujerumani hukohuko anaweza akawa na mambo tofauti kabisa, akifungua chaneli yake msikilizeni na yeye.

Ila nikisoma komenti zenu nagundua wengi mnaouliza wala hamwendi Ulaya. Binti katoka Mwakaleli anaolewa Mbagala. Wa Makete anaolewa hapa Mbeya. Wa Mafinga anapelekwa Dodoma. Na anachoogopa ni kilekile: nitaishi na nani, nitamwambia nani nikizidiwa, hela yangu itatoka wapi.

Mama yangu mwenyewe alishushwa na basi hapa mjini akitoka Busokelo, bibi harusi mpya, hajui hata pa kununulia chumvi. Lakini yeye alikuta watu. Jumapili ya kwanza kanisani, Moravian, kina mama wakamweka kati: wewe wa nani, wa kijiji gani, nani kakuzaa. Wakachimba mpaka ukoo ukapatikana. Haukupita muda yumo kwenye mchezo wa hela, na kuna mama kamkatia kipande cha meza sokoni auze maharage. Hakwenda ofisi yoyote, hakujaza fomu yoyote.

Mimi nilifika nikakuta ukimya. Jirani anakusalimia kwenye ngazi vizuri tu, anaingia kwake, anafunga. Siyo ubaya, ndivyo walivyo. Mume anatoka asubuhi, anarudi jioni, na mimi niko na simu, naangalia harusi zenu.

Sasa karatasi. Mtihani wa lugha wa A1, yaani Kijerumani cha ngazi ya mwanzo, wa kabla ya viza siurudii, mnaujua na mnajua unavyokula hela. Mimi nawaambia kuhusu herufi moja. Jina langu la ukoo linaanza na Mwa, kama ya wengi wa Rungwe. Kwenye cheti cha kuzaliwa lina "y", kwenye pasipoti halina. Hapa Mbeya nani anajali? Kule yule dada wa dirishani akaziweka karatasi mbili sambamba, akaweka kalamu chini ya hiyo "y", akaniangalia. Kwake sisi ni watu wawili. Kiapo, tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, stempu, miadi mingine. Na miadi yenyewe unaivizia kwenye mtandao usiku wa manane kama mtu anayevizia maji ya bomba. Kila karatasi ina bei yake, na mimi wakati huo sina hata senti yangu, kila nauli naomba. Hilo ndilo liliniuma kuliko baridi, na mpaka leo nikilikumbuka nanuna.

Halafu barua. Ujerumani mambo yote yanakuja kwa barua, na barua ina tarehe ya mwisho. Hata kama huna televisheni, kila nyumba inalipa mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Ndugu zangu mnaosema "mbona hutumi", muanzie hapo. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Naona mmeshashika kikokotoo mnazidisha kwa shilingi. Zidisheni, halafu toeni kodi ya nyumba, gharama ya kupasha nyumba joto, bima, nauli, ndipo mniite tajiri. Kuna ndugu yangu, simtaji, alinitumia picha ya mabati kabla hata hajanipa pole ya msiba. Haya, tuliache hilo.

Kuhusu kodi ya mshahara kuna jambo mke hawezi kulijua asipoambiwa. Kule wanandoa wanaweza kuchagua mmoja awe daraja la 3 la kodi, mwingine la 5. Wa daraja la 3 anakatwa kidogo, wa la 5 anakatwa sana. Sasa nani anawekwa la 5? Yule mwenye mshahara mdogo, yaani bibi harusi wa Tukuyu anayeosha vyombo kwenye nyumba ya wazee. Hesabu ya familia inaweza kukaa sawa, sikatai. Lakini karatasi ya mshahara ya mke inasoma kidogo, na posho ya kukosa kazi au ya uzazi huwa inapigwa kwa kuangalia mshahara unaobaki mkononi. Inawezekana wote wawili mkawa daraja la 4. Mimi niliomba tubadili, tukazozana wiki nzima, tukabadili. Kwenu inaweza kuwa tofauti, kaeni mpige hesabu zenu.

La kukaa nchini nalisema kwa uangalifu. Kibali chako cha kwanza kinategemea ndoa. Ukishaishi kwenye ndoa hukohuko Ujerumani miaka 3, kwa kawaida unaweza kupata haki ya kukaa hata ndoa ikivunjika. Na kabla ya hiyo 3, kama kuna kipigo au manyanyaso, sheria ina mlango wa kumkinga mke. Wapo wanaovumilia vitu vya ajabu kwa sababu mume amewaambia "ukisema tu, unarudishwa kwenu". Usimwachie yeye akufundishe sheria. Ipo simu ya bure ya wanawake wanaofanyiwa ukatili, 116 016, saa 24, wana wakalimani. Uwe nayo kichwani, hata kama mume wako ni malaika kama wangu. Anaiangalia hii video, ndiyo.

Watu niliwapataje? Nilikwenda kanisani kwanza, kama mama. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 wakitoka Ujerumani, nikajua nakwenda kwenye chimbuko, nitakuta kwaya na matarumbeta. Mwee! Tulikuwa wachache, wazee watupu, na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Ila bibi mmoja aliyestaafu kazi ya ofisini akanikaribisha chai na kuniambia nije na barua zangu. Nikampelekea mfuko mzima wa plastiki. Akazitandaza mezani, akazipanga kwa tarehe, akatoboa matundu, akazitia kwenye faili lenye vigawanyio vya rangi. Faili hilo ninalo, limenenepa, na likihitajika jambo silazimiki kumsubiri mume arudi.

Waliobaki niliwapata darasani. Kuna kozi ya serikali kwa wageni, saa 600 za lugha na 100 za kujua nchi inavyokwenda. Wengine wanaiona adhabu. Mimi ndiyo iliyonitoa ndani. Darasani tulikuwa na Msiria, Mturuki, Mwarabu wa Morocco, dada wa Eritrea, karibu wote tumefuata waume. Siku moja nikajaribu kuwaeleza upatu kwa Kijerumani changu cha kuombea maji, wakacheka: kumbe Mturuki kwao wanawake wanacheza, wengine hata kwa dhahabu, na Msiria naye kwao upo. Tukaanza, euro 50 kila mtu kwa mwezi. Yule mama wa Kituruki ndiye mweka hazina, analowesha kidole anahesabu mara mbili, halafu anakupa umhesabie mbele yake. Zamu yangu ilipofika nililipia mafunzo ya leseni, sehemu yake, maana leseni kule ni maelfu ya euro. Sikuomba mtu. Ndipo nilipoanza kulala vizuri.

Wale mnaoolewa Dar au hapa Mbeya, msidhani mmepona. Ulizeni cheti cha ndoa kiko wapi. Wengi mahari imelipwa, sherehe imefanyika, cheti hakuna, halafu mume anataka kukuandikisha kwenye bima ya afya ya kazini, unaulizwa cheti. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mkiishi pamoja miaka 2 na watu wakawajua kama mke na mume, inachukuliwa mmeoana. Lakini hiyo ni dhana, inaweza kupingwa mahakamani. Cheti ni cheti. Na ukifika mtaa mpya, nenda mwenyewe serikali ya mtaa ujitambulishe, usisubiri "mke wa fulani". Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 ni ya wanawake, lakini inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, siyo kwa mtu aliyejifungia chumbani. Kipigo, kuna dawati la jinsia polisi.

Mnaouliza uraia: Ujerumani tangu Juni 2024 wanaruhusu uwe na wa nchi mbili. Kwetu mtu mzima akichukua wa kwao, wa hapa unakwenda. Mimi sijaamua, msinisukume, shamba la bibi liko Busokelo na nalipenda.

Halafu dada wa Makambako uliyeniandikia jana kuhusu cheti cha kuzaliwa. Kabla hujalipia tafsiri yoyote, kiweke mezani pamoja na pasipoti, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule, usome jina herufi kwa herufi, na la baba pia. Ukikuta tofauti, shughulikia ukiwa hapahapa nyumbani, ni nafuu kwa mbali. Maswali ya mtihani wa lugha siyajibu leo, mama ananiita mara ya tatu na ndizi zinapoa. Ndaga fijo, asanteni sana.