"Taa" au "kaa"? Mtoto asiyetamka vizuri

Ndugu wazazi, nanyi walimu wa chekechea, asanteni kwa kufika.

Mtoto wa miaka miwili akiongea, mgeni huelewa kama nusu ya maneno yake. Akitimiza mitatu, robo tatu. Minne, karibu yote, hata kama "rangi" bado ni "langi". Kwa hiyo wa miaka miwili akiomba "ziwa" badala ya maziwa, msihofu: mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, naye hushika hapo, za mwanzo akaziacha.

Kazi ipo kwa wa miaka minne anayemwita kuku "tutu" na gari "dari". Ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno, wakati k na g zinataka sehemu ya nyuma ya ulimi ipande hadi kaakaa laini, ile sehemu laini ya juu kinywani, kwa nyuma. "Sema vizuri!" haimsaidii, maana hajui amekosea wapi.

Anzeni na sikio. Chora kaa wa baharini na taa, kila kimoja karatasi yake. Taja, yeye aonyeshe. Akipatia mara nane kati ya kumi, badilishaneni: yeye ataje, wewe uonyeshe ulichosikia hasa. Alimtaka kaa, anaonyeshwa taa; hapo anagundua mwenyewe. Halafu alale chali, ulimi urudi nyuma, ajaribu "ka". Ukigoma, bana ncha ya ulimi taratibu kwa mpini wa kijiko safi. Ikitoka, endeleeni ke, ki, ko, ku, kisha kaka, kuku, ndipo sentensi. Dakika kumi kwa siku, mkizidisha atachukia.

Lakini masikio yapimwe kwanza, hasa kama yamewahi kutoa usaha. Maji yakituama nyuma ya ngoma ya sikio, sauti humfikia zimefifia, naye hurudisha alichosikia.

Na nawasihi sana, msimpeleke kukatwa kimeo. Hakuna sauti ya Kiswahili inayotamkwa kwa kimeo. Atavuja damu, anaweza kupata maambukizi, na "tutu" itabaki "tutu".

Pua nayo iangalieni. Weka kioo kidogo chini yake anapoanza kusema "papa, papa", ukiondoe kabla hajapumua. Kikiwa na ukungu, hewa inavujia puani, na kaakaa lake lichunguzwe hospitali. Kama lina tundu, mazoezi ya kaa na taa hayataliziba.