Chembe za Soya na Pektini katika Mayonezi Isiyo na Mayai

Mabibi na mabwana, wasindikaji wa chakula mliotoka Nakuru mjini, Njoro na Molo, nashukuru kwa nafasi hii. Nitazungumzia kwa nini mayonezi ya soya hujitenga, mafuta yakaelea juu, na jinsi protini ya mmea inavyoizuia hali hiyo inaposaidiwa na polisakaraidi, yaani sukari zilizoungana katika minyororo mirefu.

Walter Ramsden mnamo 1903, na baada yake Spencer Pickering mnamo 1907, wote Waingereza, walieleza kwamba chembe ndogo ngumu zinaweza kulizingira tone la mafuta na kulizuia lisiungane na jingine. Chembe ya namna hiyo hulowa kwa kiasi majini na kwa kiasi katika mafuta, ndiyo maana haibanduki kwa urahisi: hata yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) huweza kuhitaji nishati iliyo maelfu ya mara ya ile ya mtikisiko wa joto wa molekuli. Protini ya soya ikipashwa moto hukunjuka, molekuli zake zikashikamana, nasi tukapata chembe zifaazo kwa kazi hiyo.

Tatizo huanza tunapotia siki. Karibu na pH 4.5 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, na ikipungua asidi huwa kali zaidi) chaji chanya na hasi za umeme za protini ya soya hulingana, chembe zikaacha kusukumana, zikagandana. Na mayonezi huwa na pH ya karibu 4. Kamulia ndimu kidogo kidogo katika glasi ya maziwa ya soya: mwanzoni huoni badiliko lolote, kisha mabonge meupe hutokea na kuzama, na maji ya rangi ya manjano hubaki juu.

Pektini, polisakaraidi itokayo katika maganda ya machungwa, bado ina chaji hasi katika pH 4. Hunata kwenye protini, ambayo chini ya pH 4.5 ina chaji chanya, na sehemu ya mnyororo inayobaki majini huyazuia matone yasikaribiane. Naomba mzingatie kiasi, kwa sababu naamini hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Pektini ikiwa haba, mnyororo mmoja hushika matone mawili na kuyafunga pamoja. Ikizidi, ile isiyopata pa kunata hubaki majini na kuyasukuma matone yajikusanye. Kuongeza tu si dawa.

Utaratibu nao una uzito wake: pektini iyeyushwe kwanza katika maji ya moto, ichanganywe na protini, ndipo asidi itiwe polepole huku ukikoroga. Gundi ya zanthani, polisakaraidi nyingine, huongeza mnato wa maji na kuchelewesha matone kupanda, lakini haiwezi kuokoa protini iliyokwisha kugandana.

Kabla ya kupika sufuria nzima, tayarisheni chupa kadhaa ndogo zenye viwango tofauti vya pektini, mziache wiki moja bila kuzitikisa, kisha mpime kwa rula kimo cha tabaka la mafuta katika kila chupa.