Barua yako kwa profesa ianze na ndama: utafiti wa kiangazi kwa wanaosomea udaktari wa mifugo

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo naongea na wadogo zangu mnaosomea udaktari wa mifugo: mlioko Sokoine pale Morogoro, mlioko Kabete, mlioko Makerere. Na wengine msiondoke, huenda nyumbani kwenu yupo kijana anayesoma kozi hii na hana wa kumwelekeza.

Huku Marekani vyuo vikifunga kwa kiangazi, wanafunzi wengi wa mifugo wanaingia maabara. Ni wiki kumi mpaka kumi na mbili hivi. Unapewa msimamizi, unapewa swali moja la kulifanyia kazi, na unapewa posho ya kujikimu. Kampuni ya Boehringer Ingelheim inadhamini mpango mmoja mkubwa unaogusa vyuo vingi, na kiangazi kikielekea ukingoni wanafunzi wanakutana kwenye kongamano la taifa, kila mmoja amesimama mbele ya bango lake anaeleza alichokipata.

Sasa wewe wa nyumbani unaingiaje? Hapa nisikilizeni vizuri. Fungu kubwa la fedha hizi linatoka serikalini kupitia NIH, taasisi za taifa za afya za huku, na lina sharti: uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, soma kwanza ni nani anayeruhusiwa. Tafuta zile zilizofunguliwa kwa mataifa yote. Inayojulikana sana ni ya Cornell, kule Ithaca, jimbo la New York, inaitwa Leadership Program for Veterinary Scholars. Ni wiki kumi, inapokea wanafunzi wa mifugo kutoka nchi mbalimbali, na wanatafuta watu wanaoufikiria utafiti kama kazi ya maisha. Masharti husomwa kwenye tangazo la mwaka husika, msitegemee la mwaka juzi alilokutumia rafiki. Na anzeni mapema: mvua za vuli zikianza kunyesha, uwe umeshashika kalamu.

Nije kwenye barua, maana hapa ndipo roho inaniuma.

Mimi niko Pullman, jimbo la Washington. Kwenye maabara ninayofanya kazi, barua zinazotoka Afrika Mashariki huwa naombwa nizipitie. Nyingi zinafanana: mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, natoka familia ya hali ya chini, naomba nafasi yoyote itakayopatikana. Naumia kwa sababu najua aliyeandika ana mengi kuliko hayo. Huyu mtu ameenda fildi Monduli au Kajiado. Ameshika ndama mwenye homa ya nyuzi 41, amepapasa mtoki uliovimba chini ya sikio, akauchoma sindano, akavuta majimaji kidogo, akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi ya Giemsa. Kisha kwenye hadubini akaona vidude vya buluu vimejazana ndani ya chembe nyeupe. Hiyo ni ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, mkononi mwake. Mwanafunzi wa huku anaweza kuhitimu hajawahi kuiona nje ya kitabu. Halafu barua ya yule wa Monduli haina hata ndama mmoja ndani yake!

Mdogo wangu, anza na huyo ndama. Sema: Profesa, nimesoma kazi yako juu ya Theileria, vimelea wa ndigana kali. Nikiwa fildi, wafugaji wanaopakana na hifadhi walituambia ndama wao wamechanjwa na bado wanakufa, nami nataka kuelewa kama vimelea wanaotoka kwa nyati ndio wanaoishinda chanjo. Umemaliza. Hilo ni swali halisi, watafiti wamelihangaikia miaka mingi na bado linawauma. Profesa akisoma mistari hiyo anajua anaongea na mwenzake mchanga. Mambo ya shida yako ya nauli yana mahali pake, chini kabisa, kwa sentensi moja yenye heshima.

Msidhani swali la nyumbani ni dogo. Chukueni kichaa cha mbwa. Ili kukizuia unahitaji kuchanja karibu asilimia 70 ya mbwa, na chanjo inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Kijiji kisicho na umeme kinafanyaje? Watafiti wa chuo kikuu cha Washington State, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, wakauliza swali ambalo hata bibi yangu angeuliza: kwani ikikaa nje ya friji inaharibika kweli? Wakachukua chanjo iliyokaa miezi sita kwenye nyuzi 25, na nyingine miezi mitatu kwenye nyuzi 30, wakachanja mbwa, wakapima damu. Kinga ikatoka sawasawa na ya mbwa waliochanjwa kwa chanjo ya kwenye friji. Fikirieni maana yake kwa mtoto anayeng'atwa njiani akienda shule.

Na kama Marekani haikupatikana, hujakosa utafiti. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, iko Nairobi. TVLA, wakala wa maabara ya mifugo Tanzania, iko Temeke, Dar es Salaam. Taasisi ya sayansi ya Nelson Mandela iko Arusha, na SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, iko hapohapo Sokoine. Chanjo ya Plowright iliyosaidia kuifuta sotoka, tauni ya ng'ombe, duniani mwaka 2011 ilitengenezwa Muguga, mwendo mfupi tu kutoka Nairobi. Likizo moja ya kuosha vioo na kupanga sampuli kwenye maabara ya nyumbani, ukiwa na msimamizi anayekufundisha, inaipa barua yako ya mwaka unaofuata uzito ambao alama peke yake haziwezi kuupa.

Haraka haraka mengine. Pasipoti ishughulikie sasa hivi, usisubiri kukubaliwa. Barua ya udhamini aandike mwalimu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama hana cheo kikubwa. Angalia kalenda: mwezi wa sita huku ni likizo, kwako unaweza kuwa mitihani au fildi, kwa hiyo ongea na idara yako kabla hujaomba. Na yeyote atakayekwambia utume pesa kwa simu ili akushikie nafasi, huyo ni tapeli, mfungie namba.

Wiki ijayo nataka tukae na barua zenu zenyewe. Niandikieni hapo chini aya moja tu: mnyama uliyemwona, ulichokishangaa, na unachotaka kujua. Usiweke jina la mfugaji wala la kijiji. Nitachagua chache, tutazinyoosha pamoja mstari kwa mstari, ziwe tayari kutumwa kabla madirisha ya maombi hayajafungwa.