Paka wa Soko Hawaishi kwa Sumu

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wengine wote. Wapo hapa walionisikia Kibuli, wakanisikia tena Kisenyi, mitaa ya Kampala, na leo wamekuja wakidhani nina jipya. Sina. Nitasema yale yale mpaka muache sumu.

Kabla ya kuingia wazimu huu wa paka nilikuwa nauza karanga sokoni. Mwaka mmoja tulichanga wenye vibanda, shilingi elfu mbili mbili, tukanunua sumu ya paka tukaichanganya na mukene, wale dagaa wadogo. Na mimi nilichanga, msinitazame hivyo. Asubuhi tukazoa paka 11 kwa toroli. Mmoja ni yule wa kijivu aliyezoea kulala juu ya mizani yangu. Nilimvuta chini ya meza ya nyanya, povu limemkauka mdomoni, na vitoto vitatu, macho hayajafunguka, vimeng'ang'ania titi bado.

Haya, tulipata nini? Wiki ya tatu panya wametoboa magunia yangu mawili kwa chini; nainua, karanga zinamwagika miguuni. Mwezi wa nne paka hao wamejaa tena. Wageni, kutoka upande wa machinjio. Kwa nini wasije? Matumbo ya kuku yapo, vichwa vya samaki vipo, mwenyeji hayupo. Elfu mbili yangu ikaenda hivyo.

Paka jike hubeba mimba siku 63 hadi 65, na aweza kushika nyingine huku ananyonyesha. Huyo wa miezi mitano mnayemwita mtoto aweza kuwa keshashika mimba. Utamshinda kwa mukene? Mkamate kwa mtego wa wavu, daktari wa mifugo amfunge kizazi, dume ahasiwe, wachanjwe kichaa cha mbwa. Kabla dawa ya usingizi haijamwisha, akatwe ncha ya sikio la kushoto, halafu mrudishe pale pale ulipomtoa. Pale pale! Ashike kiti chake.

Hilo sikio, mama mmoja alinishtaki kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kwamba nakusanya ncha za masikio kwa uchawi. Mama, ni alama tu, nimwone kwa mbali nisimpeleke kupasuliwa mara ya pili!

Sasa yupo atakayesema, “Mimi siui, natia guniani nawamwaga mbali kule Mukono.” Wewe ndiye hasa nakutafuta. Si mmeisikia hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa paka? Hakumpiga, hakumtilia sumu. Alimfungia tu, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Na paka uliyemmwaga usiku mahali asipojua maji wala jalala, kati ya mbwa, umemwachia ajitafutie nini?

Kichaa cha mbwa: wanaokileta kwa watu ni mbwa hasa, lakini paka naye hukipata, ndiyo maana ya ile sindano. Makelele ya mashume usiku, hayo hupungua wakihasiwa. Kuhusu takataka nilikuwa na maneno mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Funikeni mapipa, basi.

Mtego uko pale mlangoni. Mwenye boda atakayeweza kuubeba Jumamosi alfajiri anione kabla hajatoka. Usiogope shati lako, nitatandika magazeti.