Kete ya kwanza baada ya kupona

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za jioni. Bangi, mirungi, kokeini, unga yaani heroini, hayo majina humu ndani wote mnayajua, mateja mnapishana nao kila asubuhi mkienda kituoni, kwahiyo sianzi na hayo. Naongea tena lile ninaloliongea kila mtaa nikipewa maiki: siku ya hatari kuliko zote kwa teja ni ile ambayo nyumbani mnasema kapona.

Kuna mama mmoja wa huku kwetu uswahilini, mwanae alivuta unga miaka minne baadae akaanza kujidunga. Mama akamfungia chumbani, kufuli nje. Arosto mnaijua, yale mateso ya kukosa unga? Masaa sita mpaka kumi na mbili tangu kete ya mwisho, kile kipakiti cha unga, kamasi zinachuruzika, miayo, vinyweleo vinasimama, tumbo linaendesha, mifupa inauma utadhani inatwangwa, siku ya pili ya tatu ndo kilele. Kijana akalia, akamtukana mama yake matusi ya nguoni, mama akakaza. Wiki tatu, kijana kanawiri, anakula ugali mpaka anaongeza, mama kachinja kuku kaita majirani. Kesho yake katumwa vocha dukani, akapitia kijiweni, akajidunga kipimo kilekile cha zamani. Wamemkuta kaegemea ukuta, bomba la sindano bado lipo mkononi.

Sa nisikilizeni kwanini. Mwili ukishazoea unga, kiasi ambacho kingeniua mimi, yeye kinamtoa arosto tu. Akikaa wiki mbili tatu bila, mwili unasahau ile mazoea ila kichwa kinakumbuka kipimo. Na heroini inazimisha ile sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, mtu anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi, pumzi inakata, na nyie mnasema muacheni amelala. Ndo hivyohivyo kwa aliyetoka jela, aliyetoka soba hausi, zile nyumba za kuachia unga, aliyerudishwa toka kijijini kwa bibi. Ukimkuta hivyo mlaze ubavu, mkimbize hospitali, maziwa na ndoo za maji achaneni nazo!

Najua kuna baba hapo anasema moyoni, sasa metadoni, ile dawa wanayopewa hospitali badala ya unga, si dawa ya kulevya nyingine? Baba yangu, ni jamii moja na heroini kweli, ila inanywewa mbele ya nesi, inakaa mwilini siku nzima na zaidi, arosto hakuna, sindano hakuna, kipimo kikikaa sawa halewi, anaenda zake kubeba zege. Muhimbili walianza Februari 2011, Mwananyamala wapo, Temeke wapo, bure. Na hiyo sindano msiichukulie poa, miaka ya 2000 hapahapa Dar watafiti waliandika habari za akina dada waliokosa hela ya kete wakawa wanajidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini unga umo ndani. Damu ya mtu! Alafu tunashangaa UKIMWI na homa ya ini.

Pombe nilitaka niiongelee vizuri ila haraka haraka tu, mlevi wa kila siku msimkatishe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege akafa, huyo aache mbele ya daktari. Bangi kwa watoto wa sekondari, hiyo siku nyingine, mwenyekiti ananionyesha saa.

Mwenye kijana ndani, nitakuwa pale nje chini ya mwembe. Kesho asubuhi nampeleka mmoja Mwananyamala, tunaweza kuongozana.